Nani Aseme Kwanza? Tendo la Kwanza la Tanzia ya Castro Likisomwa kutoka Macaloe, Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Ikisiri

Makala haya yanachunguza tendo la kwanza la Castro, tanzia ya mapenzi iliyoandikwa kwa Kireno na António Ferreira katika karne ya 16, kwa kuisoma kutoka upande wa Macaloe, kisiwa kidogo cha funguvisiwa la Quirimbas kaskazini mwa Msumbiji. Hoja kuu ni kwamba kisa cha Inês de Castro kina uhusiano wa kihistoria na pwani ya Waswahili, uhusiano ambao mafunzo ya fasihi hayajautumia ipasavyo. Katika utenzi wa Luís de Camões wa mwaka 1572, kisa hicho kinasimuliwa kwa mfalme wa Malindi, naye anasikiliza bila kujibu. Tamthilia ya Ferreira, kinyume chake, inampa Inês nafasi ya kuzungumza kabla ya mfalme kuingia jukwaani. Makala yanaonyesha jinsi dhana za pwani kama vile kufu, udugu wa kunyonya, ukungwi na ujomba zinavyofungua tendo hilo, na yanamalizia kwa mapendekezo kuhusu lugha na mpangilio wa ufundishaji wa fasihi katika eneo ambalo vita vya tangu mwaka 2017 vimevuruga shule na makazi.

1.0 Utangulizi

Macaloe ni kisiwa cha wavuvi kilichopo kati ya Matemo upande wa kusini na Medjumbe upande wa kaskazini. Lugha ya mwambao huu ni Kimwani, lugha iliyo jirani mno na Kiswahili kwa msamiati na kwa historia, kiasi kwamba wataalamu wa isimu wangali wanajadili mpaka uliopo baina ya lugha hizi mbili. Lugha rasmi ya nchi ni Kireno, kama inavyotamkwa na Katiba ya mwaka 2004. Kwa hiyo mwanafunzi wa mwambao huu anapokutana na tamthilia yoyote ya kale darasani, anakutana nayo kwa lugha ya dola, ilhali mapenzi, ndoa, ukoo na msiba anavijua kwa lugha ya nyumbani.

Historia ya tanzia za mapenzi katika Afrika ya Mashariki kwa kawaida huandikwa kwa kumfuata Shakespeare. Edward Steere alichapisha Hadithi za Kiingereza huko Zanzibar mwaka 1867, akitumia masimulizi ya Charles na Mary Lamb. Julius Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. S. S. Mushi akaleta Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Ukizitazama tafsiri za Nyerere na Mushi kwa pamoja, utaona kwamba hakuna iliyo tanzia ya mapenzi. Vizazi vya mwanzo vya wafasiri wa uhuru vilivutiwa na masuala ya madaraka, mali, uhaini na utawala. Romeo na Juliet walibaki nje ya orodha hiyo. Hata hivyo mapenzi hayakukosa nafasi katika jukwaa la Kiswahili: Nakupenda Lakini ya Henry Kuria, iliyochapishwa mwaka 1957, hutajwa miongoni mwa tamthilia za mwanzo kabisa za Kiswahili, na jina lake lenyewe limebeba kizuizi ndani yake.

Njia hiyo ya Shakespeare, hata hivyo, ni njia ya makoloni ya Mwingereza. Kusini mwa mto Ruvuma njia ilikuwa nyingine. Huko, kisa kikuu cha mapenzi yenye msiba katika fasihi ya dola kilikuwa cha Inês de Castro, na tamthilia yake ya kale ni Castro. Ilipigwa chapa Coimbra mwaka 1587, miaka kumi kabla ya chapa ya kwanza ya Romeo na Juliet, ikatolewa tena mwaka 1598 ikiwa na mabadiliko ndani ya mkusanyiko wa mashairi ya Ferreira. Makala haya yanalifuata tendo la kwanza la tamthilia hiyo kama lilivyo katika toleo la 1598.

2.0 Safari ya Kisa: Kutoka Coimbra hadi Malindi

Tukio lenyewe linajulikana katika historia ya Ureno. Inês, binti wa ukoo mkubwa wa Galicia, alifika Ureno akiwa miongoni mwa wanawake waliomsindikiza Constança Manuel, mke wa mwanamfalme Pedro. Pedro akampenda Inês. Baada ya Constança kufariki, Pedro aliendelea kuishi na Inês na kuzaa naye, akikataa ndoa nyingine. Baba yake, Mfalme Afonso wa Nne, pamoja na washauri wake, waliogopa kwamba kaka zake Inês wangeiingiza Ureno katika magomvi ya Castile, na kwamba watoto wa Inês wangekuja kumpinga mrithi aliyezaliwa na Constança. Tarehe 7 Januari 1355 Inês aliuawa Coimbra. Afonso alifariki mwaka 1357, Pedro akatawala, na mwaka 1360 akatangaza kwamba alikuwa amemwoa Inês kwa siri. Makaburi yao mawili yamo katika kanisa la watawa la Alcobaça hadi leo.

Kisa hiki kiliingia katika fasihi ya pwani ya Afrika ya Mashariki kwa namna ya pekee. Luís de Camões, katika Os Lusíadas, utenzi uliochapishwa Lisbon mwaka 1572, anamweka Vasco da Gama mbele ya mfalme wa Malindi. Mfalme anaomba kusimuliwa habari za Wareno, na Vasco da Gama anasimulia kuanzia Wimbo wa Tatu hadi wa Tano. Ndani ya Wimbo wa Tatu, beti za 118 hadi 135, mna kisa cha Inês. Kwa mujibu wa utenzi huo, basi, mtu wa kwanza asiye Mzungu kusimuliwa msiba wa Inês alikuwa mtawala wa mji wa Waswahili.

Jambo hili halikutokea. Shajara ya safari ya 1498, ambayo kwa kawaida hunasibishwa na Álvaro Velho, inaeleza mkutano mfupi uliofanyika majini, kila upande ukiwa katika chombo chake, kwa kuwa Vasco da Gama alikataa kushuka pwani. Shajara hiyo inataja mwavuli wa kitambaa chekundu uliomfunika mfalme, viti vya shaba, na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, zenye urefu wa mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Hakuna Mswahili atakayeshindwa kuzitambua pembe hizo kuwa ni siwa. Shajara inaongeza jambo dogo lenye uzito: mfalme aliuliza jina la mfalme wa Wareno, akaamuru liandikwe. Msikilizaji wa kweli alikuwa na mwandishi kando yake. Msikilizaji wa utenzi hakupewa kalamu.

Camões aliijua pwani hii kwa macho yake. Mwishoni mwa miaka ya 1560 alikwama Kisiwa cha Msumbiji akiwa fukara, akila kwa hisani ya marafiki, kama alivyoandika Diogo do Couto aliyemkuta huko akiurekebisha utenzi wake kwa ajili ya kuupiga chapa. Kwa hiyo beti za Inês zilipitiwa upya na mshairi aliyekuwa akiishi katika mji wa Kiislamu wa mwambao, kusini mwa Macaloe, chini ya ngome ya Wareno. Wakati huo Wareno walikuwa tayari wamekwisha kuvishambulia visiwa vya Quirimbas, mwanzoni mwa miaka ya 1520, na baadaye ardhi ya visiwa iligawiwa mabwana wa Kireno waliodai sehemu ya mavuno ya wenyeji. Padre João dos Santos, aliyeishi katika visiwa hivyo katika miaka ya 1590, aliieleza hali hiyo katika kitabu chake Ethiopia Oriental cha mwaka 1609.

3.0 Tendo la Kwanza: Furaha Kabla ya Hukumu

António Ferreira alizaliwa mwaka 1528, akasomea sheria Coimbra, akawa jaji, akafariki kwa tauni Lisbon mwaka 1569. Usomi wake wa sheria si jambo la pembeni. Castro ni tamthilia inayouliza kama dola yaweza kumuua mtu asiye na kosa kwa ajili ya masilahi ya umma. Matendo yake ni matano, kwa kufuata desturi ya tanzia za Seneca. Katika tendo la pili mfalme anabishana na washauri wake. Katika la tatu Inês anasimulia ndoto yake na kuletewa habari ya hatari. Katika la nne anajitetea mbele ya mfalme. Katika la tano mjumbe anampelekea mwanamfalme taarifa ya kifo. Pedro na Inês hawakutani jukwaani hata mara moja.

Tendo la kwanza lina sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza Inês anaingia akiwa mchangamfu, akiwaita wasichana wenzake kwenye maua. Yaya wake anashangaa furaha hiyo na kumhoji. Inês anaeleza historia ya mapenzi yake tangu mwanzo: jinsi yalivyozuka, jinsi yalivyozuiwa, jinsi yalivyodumu, na ahadi inayompa tumaini. Yaya anasikiliza kwa upendo na kwa hofu. Katika sehemu ya pili anaingia Mwanamfalme, kwanza akiwa peke yake na kilio chake, kisha akiwa na Katibu wake. Katibu anamshauri aachane na Inês kwa ajili ya ufalme, Mwanamfalme anakataa. Katika sehemu ya tatu Korasi ya wasichana wa Coimbra inaimba mara mbili: wimbo mmoja unasifu nguvu ya mapenzi, mwingine unalalamikia uharibifu wake.

Mambo matatu ya mpangilio huu yanastahili kutiliwa mkazo. La kwanza ni kwamba hadhira ya Ferreira iliujua mwisho. Hakuna aliyeingia kutazama Castro bila kujua kwamba Inês atauawa. Katika Romeo na Juliet, Korasi hutangaza vifo vya wapenzi kabla tendo halijaanza, kwa sababu hadhira haikutarajiwa kuvijua. Ferreira hakuhitaji tangazo. Furaha ya Inês ndiyo inayofanya kazi hiyo: kila neno lake la tumaini linasikika mara mbili, kwa maana aliyoikusudia na kwa maana ambayo historia imekwisha kuitia.

La pili ni kwamba tishio halina sura. Mfalme haonekani katika tendo la kwanza. Washauri watakaodai kifo hawaonekani. Kaka zake Inês, ambao katika historia ndio waliokuwa kiini cha hofu ya kisiasa, hawamo kabisa katika orodha ya wahusika. Sauti ya dola inaletwa na Katibu, naye si adui. Ni mtumishi mwaminifu anayesema kwa nia njema. Ferreira anaonyesha kwamba mauaji ya kisiasa huanza kama ushauri wa busara chumbani, kabla ya kuwa amri.

La tatu, ambalo ndilo msingi wa makala haya, ni mpangilio wa wasemaji. Inês ndiye anayesema kwanza. Katika Os Lusíadas naye anasema, lakini anasema alipokwisha kuburutwa mbele ya mfalme, akiombea watoto wake. Sauti yake ni sauti ya mshitakiwa. Ferreira anamtanguliza. Kabla hajawa kesi, yeye ni msimulizi wa maisha yake. Mfalme anapoingia katika tendo la pili, msomaji amekwisha kuisikia historia kutoka kwa mwenyewe, na kila hoja ya serikali inapimwa kwa historia hiyo.

4.0 Dhana za Pwani kama Chombo cha Kusomea

Mtazamo uliozoeleka ni kwamba mwanafunzi wa pwani anahitaji kufundishwa utamaduni wa Ulaya ili aielewe tamthilia kama hii. Uchunguzi wa tendo la kwanza unaonyesha kwamba sehemu kubwa ya anachohitaji tayari anacho, tena kwa majina yake.

Dhana ya kwanza ni kufu. Fikihi ya Kiislamu inajadili ulinganifu wa mume na mke katika nasaba na hadhi, na jamii za mwambao wa Waswahili zimeitumia dhana hiyo kwa karne nyingi katika kupanga ndoa za waungwana, masharifu na watu wa tabaka nyingine. Hoja ya Katibu dhidi ya Inês ni hoja ya kufu iliyovikwa nguo ya siasa: mtarajiwa wa kiti cha enzi hamwoi mwanamke huyu. Mwanafunzi anayeijua kufu ataona mara moja pia kinyume chake. Katika fikihi, kufu kwa asili ni kinga ya upande wa mwanamke; katika tamthilia, inageuzwa kuwa silaha dhidi yake.

Dhana ya pili ni udugu unaotengenezwa kwa tendo. Mapokeo ya historia ya Ureno yanaeleza kwamba Inês alifanywa mama wa ubatizo wa mtoto wa Pedro na Constança, ili ujamaa huo wa kanisa uwe kizuizi cha ndoa. Kwa msomaji wa leo wa Ulaya jambo hili linahitaji maelezo marefu. Kwa msomaji wa Macaloe linahitaji sentensi moja, kwa kuwa anaujua udugu wa kunyonya, ambao nao huharamisha ndoa bila ya damu moja. Tofauti iliyopo ni ya maana: udugu wa kunyonya hutokana na malezi, ilhali udugu huu ulipangwa kama kitanzi.

Dhana ya tatu ni ukungwi. Yaya wa Ferreira, kama yaya wa Juliet, ni mwanamke mzima anayemlea msichana, anayejua siri zake na kuzisema waziwazi. Pwani inamjua mtu huyo kwa jina la kungwi au somo. Tofauti kati ya mayaya hao wawili inaonekana vizuri zaidi kwa kutumia kipimo hicho. Yaya wa Juliet ni mcheshi na mwepesi wa kubadili ushauri. Yaya wa Inês ana uzito wa kungwi anayejua gharama: hakatazi mapenzi, bali anauliza yatamfikisha wapi mwanawe.

Dhana ya nne ni ujomba. Katika jamii nyingi za kaskazini mwa Msumbiji, hasa Wamakua na Wamakonde, ukoo hufuatwa kwa upande wa mama, na mjomba ana kauli katika ndoa za wapwa wake. Mwambao wa Kiislamu umeishi kwa karne nyingi jirani na mfumo huo na kuchanganyika nao. Msomaji wa huko, akilisikiliza tendo la kwanza, ana haki ya kuuliza swali ambalo uhakiki wa Ulaya hauulizi kwa haraka: wako wapi watu wa Inês? Jibu la historia ni kwamba walikuwapo, tena wenye nguvu, na nguvu zao ndizo zilizomponza. Jibu la tamthilia ni kwamba mwandishi amewaondoa, ili Inês abaki peke yake mbele ya dola. Swali la ujomba linafichua uamuzi wa kisanaa ambao vinginevyo ungepita bila kuonekana.

Haifai, hata hivyo, kuzidisha mfanano. Coimbra ya Ferreira si mji wa Waswahili. Ndoa ya siri ya Pedro ilikuwa na maana chini ya sheria ya kanisa ambayo haifanani na nikahi, ambapo mashahidi ni sharti. Kwa hakika tofauti hiyo ni somo lenyewe: mwanafunzi anayejua kwamba nikahi inahitaji mashahidi ataelewa kwa nini tangazo la 1360 lilipokewa kwa mashaka na watu wa zama zile, na kwa nini katika tendo la kwanza tumaini lote la Inês linaegemea ahadi.

5.0 Msikilizaji Aliyekuwa na Kalamu

Kama tendo la kwanza linafundisha umuhimu wa kuanza kusema kabla ya kuhukumiwa, pwani hii inalihitaji funzo hilo katika kusoma historia yake yenyewe. Mfalme wa Malindi wa Camões ni msikilizaji bora: anastaajabu, anauliza, ananyamaza. Picha hiyo imedumu katika vitabu kwa zaidi ya karne nne. Nyaraka zinatoa picha nyingine. Mwaka 1790 João de Sousa alichapisha Lisbon mkusanyiko wa hati za Kiarabu zilizohifadhiwa katika nyaraka za ufalme wa Ureno. Ndani yake mna barua za watawala wa pwani ya Afrika ya Mashariki, Malindi ikiwa miongoni mwao, zilizoandikwa katika miongo ya kwanza baada ya 1498. Watawala hao walijibu, walilalamika, walidai.

Huko kaskazini mwa Msumbiji uandishi huo uliendelea. Hazina ya Kitaifa ya Nyaraka iliyoko Maputo ina barua za karne ya 19 zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, nyingi zikiwa kwa Kiswahili au kwa lugha za mwambao, ambazo masheikh na watawala wa maeneo hayo waliwapelekea maofisa wa Kireno. Utafiti wa Liazzat Bonate umeonyesha wazi kwamba Kiswahili cha hati ya Kiarabu kilikuwa lugha ya mawasiliano ya kiserikali katika eneo hilo. Kabla ya mtutu wa bunduki kumaliza mjadala, mjadala ulikuwapo, na ulifanyika kwa maandishi.

Ukoloni wa karne ya 20 uliufunga mlango huo. Mkataba wa mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatican, pamoja na Sheria ya Misheni ya mwaka 1941, viliweka elimu ya Waafrika wengi mikononi mwa misheni za Kikatoliki, Kireno kikiwa lugha ya kufundishia. Katika mwambao wa Waislamu, familia nyingi zilibaki na chuo cha Kurani. Matokeo yake yalikuwa mgawanyiko wa aina mbili za kusoma: mtu aliyejua kuandika barua nzuri kwa hati ya Kiarabu alihesabiwa na serikali kuwa hajui kusoma. Fasihi ya dola, Camões akiwa kileleni, ikawa mali ya waliovuka mgawanyiko huo. Hivyo kisa kilichodaiwa kusimuliwa kwa mfalme wa Waswahili kikawa mbali na Waswahili wenyewe.

6.0 Darasa na Sera

Baada ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975, Kireno kiliendelea kuwa lugha ya elimu kwa hoja ya umoja wa taifa. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 mtaala wa elimu ya msingi uliruhusu elimu kwa lugha mbili, na Kimwani ni miongoni mwa lugha zilizoingizwa. Kwa upande wa kanda, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika iliikubali lugha ya Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. Msumbiji ni mwanachama wa jumuiya hiyo, na pwani yake ya kaskazini ndiyo sehemu ya nchi iliyo karibu zaidi na Kiswahili kwa historia.

Maamuzi haya yamekuja wakati mgumu. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani ya Cabo Delgado na kuharibu nyumba, mashamba na shule za wilaya za mwambao na visiwa. Vita vilivyoanza kwa shambulio la Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 vimewahamisha mamia ya maelfu ya watu. Katika hali hiyo yaweza kuonekana kuwa ni anasa kuzungumzia tamthilia ya karne ya 16. Hoja ya makala haya ni kinyume. Eneo ambalo watu wake wanazungumzwa kila siku na wengine, katika taarifa za kijeshi, za misaada na za gesi, linahitaji mazoezi ya kusema kwanza. Tendo la kwanza la Castro ni zoezi la namna hiyo. Kutokana na uchunguzi huu, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, kisa cha Inês kisifundishwe pwani kwa kutenganisha utenzi na tamthilia. Beti za Wimbo wa Tatu na tendo la kwanza la Ferreira zisomwe pamoja, na swali la mwanzo liwe: nani anasema, kwa nani, na nani ananyamazishwa? Swali hili halihitaji vifaa vya gharama. Linahitaji nakala mbili fupi.

Pili, tendo la kwanza litafsiriwe kwa Kimwani na kwa Kiswahili. Kulitafsiri tendo moja badala ya tamthilia nzima ni kazi inayowezekana kwa jopo dogo la walimu, na mjadala wa kuchagua kati ya kufu, ulinganifu na maneno ya Kimwani utakuwa mafunzo tosha ya isimu na fasihi. Uzoefu wa Tanzania wa miaka ya 1960 unaonyesha kwamba tafsiri za tamthilia zilijenga imani ya wasomaji katika uwezo wa lugha yao.

Tatu, uteuzi wa matini uzingatie sheria zilizopo. Sheria Namba 19 ya mwaka 2019 ya Msumbiji inakataza muungano wowote wa kindoa wa mtu aliye chini ya miaka 18. Juliet, kwa mujibu wa tendo la kwanza la Shakespeare, hajatimiza miaka 14, na wazazi wake tayari wanajadili mchumba. Matini hiyo isiondolewe darasani kwa sababu hiyo. Bali mwalimu apewe mwongozo wa kuijadili sambamba na Castro, ambamo mhusika ni mwanamke mzima na mama. Suala la ridhaa litaonekana kwa uwazi zaidi yakilinganishwa matendo mawili ya kwanza kuliko likisomwa tendo moja.

Nne, barua za hati ya Kiarabu zilizoko Maputo ziingizwe katika ufundishaji wa fasihi na historia wa jimbo la Cabo Delgado, hata kwa nakala chache zilizonukuliwa kwa hati ya Kilatini. Mwanafunzi anayesoma jinsi mfalme wa Malindi alivyonyamazishwa katika utenzi anastahili kuona kwa macho yake kwamba watawala wa pwani waliandika.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba tendo la kwanza la Castro lina nafasi halali katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kwa sababu mbili zinazotegemeana. Ya kwanza ni ya kihistoria: kisa cha Inês kilipitiwa upya na Camões akiwa katika pwani hii, na ndani ya utenzi wake kilisimuliwa kwa mtawala wa Waswahili. Ya pili ni ya kimuundo: Ferreira, kwa kumtanguliza Inês na kumchelewesha mfalme, aliweka utaratibu wa haki ambao utenzi haukuuweka. Dhana za kufu, udugu wa kunyonya, ukungwi na ujomba hazikuongezwa juu ya matini kama pambo. Zimesaidia kuona mambo yaliyomo, likiwemo lile ambalo mwandishi aliliondoa.

Mwaka 1498, mfalme wa Malindi alipotajiwa jina la mfalme wa ng'ambo, aliamuru liandikwe. Shajara haikulitaja jina lake yeye. Kazi iliyobaki kwa watafiti na washauri wa sera wa kanda hii ni kuhakikisha kwamba mwanafunzi wa Macaloe, atakaposoma kisa cha mwanamke wa Coimbra aliyesema kabla ya kuhukumiwa, atakuwa na lugha, matini na nafasi ya kuandika jibu lake.